Kuku wanalala na watoto, mzee anataka wauzwe wote, na binti yangu amegoma kuongea na baba yake

Senga wetu wa ushauri, salamu sana. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi huku Busia upande wetu wa Uganda, mzee wangu ni dereva wa trela anaenda Juba anarudi, anaweza kupotea wiki mbili tatu kutegemea na foleni za mpakani. Naomba usitoe jina, hapa mtaani tunajuana sana.

Jambo langu ni kuku. Najua kuna watakaocheka, wenzangu wanakuandikia ndoa zinavunjika mimi nakuandikia kuku, lakini hawa kuku ndo wanataka kunivunjia nyumba.

Mama mkwe alituletea makoo mawili ya kienyeji, akasema nyumba ya watoto haikosi kuku. Wakatotoa, wakaongezeka, na mimi mwenyewe nikaongeza vifaranga vya kuroila, wale kuku chotara wa mayai na nyama, kwa yule kijana anayeviuza kwenye maboksi siku ya soko. Sasa hivi nakusanya mayai kila asubuhi, mengine wanakula watoto, mengine nawauzia vijana wa roleksi, ile chapati ya kukunjia mayai, pale stendi, na hiyo pesa ndo inanunua sabuni, inanunua daftari, hata ile ya kikundi cha akina mama natoa hapo bila kumuomba mtu.

Shida ni pa kulala. Huku wezi hawana huruma, jirani yangu waliondoka na kuku wake wote usiku mmoja na mlango wakamfungia vizuri. Kwa hiyo wangu wanalala chumba cha watoto, kwenye kona nimeziba na ubao wa kitanda cha zamani. Vifaranga viko kwenye boksi hapohapo, na mvua ikinyesha naweka sigiri yenye makaa karibu yao maana baridi inawaua, unaamka unakuta vitatu vimelala miguu juu.

Mtoto wa mwisho bado hajafika miaka miwili. Huyo kazi yake ni kuwafuata. Anaokota kila kitu chini anatia mdomoni, juzi nimemkuta amekamata kifaranga anakibusu mdomoni kabisa anacheka. Tumbo lake haliishi kuharisha, linapona linarudi, na mara hii ya mwisho kulikuwa na damu kidogo kwenye choo. Nikakimbia kliniki. Nesi akauliza, mna kuku ndani? Nikasema ndio. Akaniangalia tu, akaandika dawa. Nikamweleza mzee kwa simu, akasema akirudi asikute hata unyoya kwenye hiyo nyumba, vinginevyo atawauza mwenyewe kwa bei yoyote.

Mama mkwe naye akasikia, akasema yeye alilea watoto saba nyumba moja na kuku na mbuzi na hakuna aliyekufa kwa mavi ya kuku, leo mmeonja mji kidogo mmekuwa wazungu. Akasema nikiuza kuku wake nimemuuza yeye.

Sasa linaloniumiza zaidi ni binti yangu wa miaka saba. Tangu tumhamishe shule alikuwa amekauka, haongei, mwalimu anasema darasani anakaa kama hayupo. Ila akiwa na kuku ni mtu mwingine, anapiga stori mpaka unashangaa. Koo mmoja alitaga yai lina viini viwili, binti akampa jina Nalongo, yaani mama wa mapacha, na huyo ndo rafiki yake, nimeshawahi kumkuta amelala na huyo kuku miguuni juu ya blanketi. Kulikuwa na jogoo pia, Kamanda, alimlea tangu kifaranga, akamfunga kamba nyekundu mguuni asipotee. Sikukuu iliyopita shemeji zangu wakaja, mzee akamchinja Kamanda mtoto akiwa nje anacheza, tukamwambia jogoo ameenda kwa jaja, bibi yake, kijijini. Kesho yake ametumwa kumwaga takataka, akaiona ile kamba shimoni, katikati ya manyoya. Hakulia. Alirudi ndani akanawa mikono. Tangu siku hiyo nyama ya kuku hali, na baba yake akimuita ni "ndio baba" na "hapana baba," basi.

Nikiuza, nampoteza huyu mkubwa. Nikiwaacha, huyu mdogo ataniharibikia. Nikimbishia mzee ni vita, nikimtii ni vita na mama yake. Nifanye nini Senga? Jibu upesi, mzee jana amepiga simu ameshafika Elegu, mpakani na Sudan Kusini.

Mama wa Vifaranga, Busia

*

Mwanangu, hakuna wa kucheka hapa. Nyumba nyingi nazozijua zimegombana kwa vitu vidogo kuliko kuku.

Lakini kabla sijagusa mume wala mama mkwe, tuongee hiyo sigiri. Hiyo itoke kwenye chumba cha watoto leo hii, hata kama unasoma hapa ni usiku na mvua inanyesha. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu na haina rangi, mtu analala tu, haamki, na hiyo haichagui kifaranga na mtoto. Hata vile vitatu ulivyokuta miguu juu, sina hakika kama ni baridi. Vifaranga vya wiki ya kwanza kweli vinataka joto, kama nyuzi 32 hadi 35, halafu linapungua kila wiki mpaka manyoya yaote, lakini unaweza kulipata bila moto: jaza jerikani maji ya moto, funga kifuniko vizuri, izungushie kitambaa kizito, iweke ndani ya boksi wakae pembeni yake, na usiku wa manane ukiamka kwa mtoto unabadilisha maji. Au wape makoo ya kienyeji wawalee, yale yanajua kazi, ukiwapenyeza chini ya mama aliyetotoa majuzi usiku kukiwa giza mara nyingi anawakubali. Kuroila wenyewe usiwategemee, wale kuatamia si kazi yao. Mengine yote nitakayosema una nafasi ya kuyachagua, hili hapana.

Haya sasa. Nimesoma barua yako nikarudia, na naona kama mnabishana vitu vitatu au vinne na vyote mmevipa jina la kuku. Mzee anabishana juu ya damu aliyoisikia kwenye simu. Mama yake anabishana juu ya heshima. Binti habishani, amenyamaza. Na wewe, nisamehe kama nakosea, katika barua yote sentensi niliyoiona ina uhai ni ile ya kutoa pesa ya kikundi bila kumuomba mtu. Umeiandika haraka ukapita, wala hukuirudia kwenye lile swali lako la mwisho. Ulisema nikiuza nampoteza binti, hukusema nikiuza napoteza pesa yangu. Mimi nadhani hilo nalo liwekwe mezani, si aibu, maana likifichwa litatokea mahali pengine kwa sura ya hasira.

Tuanze na mdogo. Nesi alipouliza mna kuku ndani hakuuliza bure. Kuku mzima kabisa, anakula, anawika, anaweza kuwa na vijidudu tumboni vinaitwa salmonela na kampilobakta, yeye havimsumbui, mtoto vikimwingia anaharisha, na wakati mwingine anaharisha damu. Vifaranga ndo hatari zaidi kwa sababu vinashikika, vinapendeza, vinabusika. Ndo maana wataalamu wa afya wanashauri mtoto chini ya miaka mitano asishike vifaranga kabisa. Kwa hiyo wasiwasi wa mzee una msingi. Ila na mimi nauliza, je mna uhakika ni kuku? Maji mnakunywa ya wapi, mnayachemsha? Choo mnashirikiana na nani? Mtoto wa umri huo akiharisha anaweza kuwa ameyatoa popote. Nisingependa uuze kuku wote halafu mwezi unaofuata tumbo linaendesha vilevile, na sasa huna mayai na huna jibu. Mrudishe kituo cha afya, omba choo kipimwe, usikubali tu kuandikiwa dawa na kuangaliwa. Na hapa niseme pembeni, maana nimeiona mahali: ile dawa ya unga ya kuku ya rangi ya njano, mtoto hapewi, hata kama jirani anasema ni ileile tetra ya watu. Na kuku wakiwa kwenye dawa mayai yao hayaliwi wala hayauzwi kwa mtu wa roleksi mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Mama mkwe anasema watoto wake saba walilala na kuku. Usimbishie, kwanza ni mzee, pili hajasema uongo. Ila kuku wa zamani walikuwa wangapi? Watano, sita, mchana kutwa wako porini, kiwanja kikubwa. Wewe una makoo, una kuroila, una boksi la vifaranga, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mkono unagusa kitanda. Halafu watoto waliokufa wadogo enzi hizo, nani aliuliza wamekufa na nini? Watu walisema ni jicho baya, ni mahoma, wakazika. Simwambii mtu amkabe mama mkwe na hayo, nakwambia wewe tu.

Kuna utafiti ulifanyika vijijini Ethiopia ukatoka 2016, mimi naupenda kwa sababu unawapa nyinyi wote haki kidogo. Waliangalia nyumba zenye kuku na zisizo na kuku, wakakuta watoto wa nyumba zenye kuku kwa ujumla wamerefuka vizuri kuliko wenzao. Lakini pale ambapo kuku wanalala usiku ndani ya nyumba ya watu, ile faida inageuka, watoto wanaonekana wafupi. Mama mkwe anaposema nyumba ya watoto haikosi kuku, yuko pale. Mzee anaposema hawa kuku watoke ndani, naye yuko pale. Sasa ulivyoniandikia ni kama kuna milango miwili tu, kuuza wote au kubaki hivyohivyo. Labda swali ni wanalala wapi na nani anawagusa.

Ukijenga banda nje, hiyo ndo njia inayokuja haraka kichwani na ina gharama yake. Banda lililoinuliwa kwa miguu, mabanzi na waya na bati moja, mlango na kufuli, ukaliegemeza ukuta wa chumba chako dirishani ili wakipiga kelele usikie. Hapo mavi yanadondoka chini unafagia unaweka kwenye matoke au sukuma. Lakini wezi wapo, wewe mwenyewe umesema, na nguchiro wapo, na usiku ambao mzee yuko Juba utatoka nje na tochi peke yako? Mimi nisingetoka. Hilo muulize yeye, maana yeye ndo anataka watoke. Na banda peke yake halitoshi kama mchana wanazurura hapohapo mtoto anapochezea, ni lazima kuwe na uzio kidogo, hata wa matete, kuku upande huu mtoto upande ule.

Ukipunguza, ukabaki na makoo machache makubwa yanayotaga, ukaacha kabisa vifaranga kwa mwaka mmoja au miwili mpaka mdogo aache kutia vitu mdomoni, kazi inapungua na joto la usiku huna haja nalo. Ukitaka kuongeza unanunua waliokwisha kuota manyoya. Bei yao iko juu, na mara nyingi wanaingia na ugonjwa wa soko, kwa hiyo unawatenga wiki mbili kwanza. Kideri ukikiingiza hapo utalia, kinafagia wote. Chanjo yake ya tone la jicho inarudiwa kila miezi mitatu au minne na si ghali, muulize dokta wa mifugo wa sabukaunti yenu anapita lini, mara nyingi akina mama wanajiunga ili chupa moja imalizike siku hiyohiyo.

Kuwapeleka kwa mama mkwe nalo lipo, wewe ukaenda na binti wikendi. Heshima yake inabaki, nyumba inapumua. Lakini mayai ya stendi yameisha, na kuku wa kijijini akifika mgeni hana mtetezi, Nalongo anaweza kuingia chunguni wewe ukiwa Busia, na hilo binti yako hataamini mara ya pili kuwa ni bahati mbaya.

Chochote mtakachochagua, mikono. Ile jerikani ndogo ya kutundikwa, yenye kamba ya kukanyaga, tipi tapu, watoto wanaijua kutoka shule, itundikeni kati ya banda na mlango na sabuni ndani ya kipande cha neti. Mkubwa akitoka kwa kuku ananawa hapo ndo aingie, na kandambili za bandani zinabaki bandani. Mdogo hashiki kuku, basi, atalia siku mbili atazoea. Na jogoo mkali msimwache karibu na mtoto mfupi, wanarukia usoni.

Sasa binti. Hapa naenda polepole.

Umeniambia kuku ndo wanamfungua mdomo, nakuamini, mtoto anayeogopa watu mara nyingi anaongea na mnyama kwanza. Lakini aliacha kuongea tangu mmemhamisha shule, si tangu kuku. Kuna kitu kule shuleni, mmeshakiuliza? Lugha ya pale anaielewa? Kuna wanaomcheka? Naogopa kidogo mkiweka sauti yote ya mtoto juu ya kuku mmoja, kwa sababu kuku wanakufa. Kideri, mwizi, boda, au uzee tu. Nalongo akifa hata bila kisu, huyu mtoto anabaki na nani? Kwa hiyo hata mkimuacha Nalongo, na mimi sisemi mumuache wala mumtoe, tafuteni na mtu. Mwalimu mmoja, binamu mmoja, mtoto mmoja wa jirani wa kuja kuona mayai.

Na jambo la Kamanda. Umeliandika kana kwamba kilichomuumiza ni kuchinjwa. Inawezekana. Lakini watoto wetu wanaona kuku wakichinjwa tangu wadogo, wengine ndo wanashika miguu, na jioni wanagombania firigisi. Mimi kilichonigusa ni kwamba ameona kamba, hakulia, akarudi akanawa mikono. Huyo ni mtoto aliyejua kuwa ameambiwa kitu ambacho si kweli, na akaamua asiwaambie kuwa amejua. Kama ni hivyo, basi kuuza au kutouza kuku hakutarudisha ile "ndio baba" kuwa maongezi. Anayeweza kujaribu ni baba mwenyewe, akae naye, amwambie nilimchinja Kamanda, wageni walikuja, na sikukwambia ukweli. Bila kumalizia na "lakini." Anaweza asijibu, anaweza kulia sasa kile kilio ambacho hakulia siku ile, na mzee akaona amezidisha ubaya. Uwe umemwandaa kwa hilo.

Wengine wanafanya hivi: watoto wanaambiwa mapema hawa ni wa mayai na hawa ni wa sufuria, na wa sufuria hapewi jina. Ni njia nzuri ila ina mtego, ukishamwahidi kuwa Nalongo hachinjwi basi hachinjwi hata waje wakwe wa namna gani na hakuna kuku mwingine nyumbani. Kama hamwezi kushika hiyo ahadi, bora msiitoe.

Kuhusu mzee mwenyewe. Mtu yuko Juba, anasikia kwa simu mtoto ametoa damu, hana la kufanya, amekaa kwenye kibini ya trela na mawazo. Amesema neno lililokuwa karibu. Sijui kama alimaanisha unyoya au alimaanisha anaogopa. Akifika mwache anawe, ale, ambebe mtoto amwone anacheka, na usimpeleke kwenye kona ya kuku usiku huohuo. Kesho yake ndo umuulize anaogopa nini hasa, umsikilize mpaka amalize, halafu umwonyeshe kidaftari: mayai mangapi, pesa ngapi, imenunua nini. Kama huna kidaftari kaa leo uandike unachokumbuka. Wanaume wengi hawajui hiyo pesa ipo, wanaona kelele na mavi tu. Anaweza akasema basi nitakupa hiyo pesa mimi, na hapo ni wewe utajua kama pesa ya kupewa na pesa ya mayai ni sawa kwako. Mimi siwezi kukujibia hilo.

Kama unaweza, vifaranga na boksi lao wawe wameshatoka chumba cha watoto kabla hajafika, hata kama ni kwenda jikoni kwa siku mbili. Akute umeanza. Kuuza au kutouza mzungumze mkiwa wote wawili mmekaa.

Na ile damu kwenye choo ikirudi hata kidogo, au mtoto akilegea, macho yakaingia ndani, akakataa kunywa, usimngoje mzee wala usingoje choo kipimwe kwanza. Mpe ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, ORS, mkiwa njiani, chukua boda, nenda kituo cha afya.